Mzima Wake Anafananaje?

Bundi yule alikufa mkononi mwangu, na hakufa kwa jeraha alilokuja nalo. Nilimuua mimi.

Aliletwa na kijana wa darasa la sita, amemfunga kwenye shati la shule, mikono yote imechanika kwa kucha. Wenzake walikuwa wamempiga mawe jioni ile kwa sababu alitua juu ya paa la nyumba yenye mgonjwa, na bundi akilia juu ya paa la mgonjwa watu husema maneno yao. Kijana hakuniambia mengi. "Dokta, bawa limevunjika, lakini macho bado anayafungua."

Nilikuwa na miezi minne kazini, katika kituo kidogo cha kutibu wanyamapori mkoani Morogoro. Nikampa bundi dawa kidogo ya kumtuliza, nikamlaza chali juu ya kaseti ya eksirei, lile bamba linalonasa picha, nikanyoosha mabawa. Msaidizi akashika miguu. Nikaweka kiganja juu ya kifua nikabana ili asitikisike, kama nilivyozoea kuwabana paka. Picha ilitoka safi kuliko zote nilizowahi kupiga mpaka siku ile. Nilipoinua kiganja, kichwa kilikuwa kimelegea upande.

Ndege hana kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo na kutuvutia pumzi sisi. Mapafu yake hayatanuki kama yetu. Kinachovuta na kusukuma hewa ni vifuko vya hewa vilivyotapakaa mwilini, kama mivukuto ya mhunzi, na mivukuto hiyo huendeshwa na kidari kinachopanda na kushuka. Ukikibana kidari umemziba pua na mdomo kwa pamoja. Nilifundishwa hayo SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Nilijibu swali lake kwenye mtihani nikapata alama zote. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa haijasoma.

Na picha yenyewe ilinionyesha jambo la pili. Mfupa uliovunjika ulikuwa ule wa juu wa bawa, ulio karibu na bega, na mfupa ulikuwa umetoboa ngozi. Nilishaandaa maji ya chumvi ya kuusafishia. Kwa ndege wengi mfupa huo ni mtupu ndani na umeungana na vifuko vya hewa. Maji ukiyamwaga pale yanakwenda moja kwa moja kwenye njia ya pumzi. Kama asingekufa mezani, ningemzamisha kwenye beseni.

Kijana alikuwa amekaa nje akisubiri. Nilimwambia ukweli, kwamba nimekosea namna ya kumshika. Aliniangalia muda mrefu, akaomba shati lake, akaondoka.

Wiki iliyofuata nilimwendea mzee mmoja aliyestaafu kazi ya eksirei hospitalini. Alipiga picha za binadamu kwa zaidi ya miaka 30, tangu enzi za filamu za kusafishwa gizani kwenye madumu ya dawa, na alikuwa hajawahi kugusa mnyama. Nikamwamkia, akanikaribisha, nikamwekea ile picha ya bundi mezani, nikaanza kumweleza ninachokiona: hapa moyo na ini, hapa firigisi, hapa mfupa umevunjika, na hapa pembeni kuna weusi mkubwa sijui ni ugonjwa gani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mwanangu, bundi mzima anafananaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijawahi kuiona picha ya bundi mzima. Ule weusi mkubwa haukuwa ugonjwa. Ilikuwa hewa ndani ya vifuko, mahali pake hasa panapotakiwa.

Daktari wa binadamu akipata shaka anao watu wasioumwa maelfu wa kulinganisha. Daktari wa ng'ombe na mbwa naye vitabu anavyo, vina picha za mzima na za mgonjwa ukurasa kwa ukurasa. Anayetibu kakakuona leo, moma kesho na tai keshokutwa, mara nyingi hana cha kulinganisha nacho. Anabaki kuazima macho aliyofundishiwa mbwa. Mimi macho hayo yamenidanganya mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, lakini naweza kusimulia chache.

Kulikuwa na moma aliyepigwa jembe. Nyoka mwenye sumu kali hushikwa kwa kumwongoza aingie mwenyewe kwenye bomba la plastiki linaloonyesha ndani. Akifika nusu unashika bomba na mwili kwa pamoja, kichwa kikiwa kimefungiwa humo. Bomba halizuii mionzi, kwa hiyo picha inapigwa humo humo, kipande kwa kipande, na kila kipande unakiwekea alama ili baadaye ujue kipi kinafuata kipi. Nilikaa nusu saa nikilitafuta pafu lake la kushoto. Niliandika kwamba limesinyaa. Nyoka wengi pafu la kushoto ni dogo sana au halipo kabisa, na la kulia ni refu sana, nyuma likiwa kama mfuko tu wa hewa. Moma yule hakuwa na tatizo la pafu, alikuwa na mbavu mbili zilizovunjika ambazo nusura nizipite kwa kushughulika na kiungo ambacho Mungu hakumpa.

Kipanga jike ndiye aliyenitisha zaidi, kwa sababu uamuzi ulikuwa tayari. Aligongwa na gari, bawa limeteguka. Kwenye picha nikaona mifupa ya miguu na mabawa imejaa weupe ndani, mizito, tofauti kabisa na ile mifupa mitupu niliyoanza kuizoea. Nikaamini ana ugonjwa wa mifupa usiotibika, na kwamba kumrudisha porini ni kumtesa. Nikaandika kwenye kitabu: achomwe sindano apumzike. Dawa yenyewe ilikuwa imeisha, ikabidi tusubiri iletwe kutoka mjini. Siku ya tatu asubuhi nikakuta yai kwenye kizimba.

Ndege jike akikaribia kutaga, takriban siku 10 kabla, hujaza chokaa ndani ya mifupa yake. Ni akiba ya kutengenezea ganda. Ganda lenyewe hujengwa ndani ya siku moja tu hivi, ndiyo maana nilipopiga picha hapakuwa na yai la kuonekana, palikuwa na akiba tu. Nilikuwa nimeyaona maandalizi ya uzazi nikayaita ugonjwa wa kufa. Alipona bawa, akaruka. Lile yai nilikaa nalo mkononi muda mrefu asubuhi ile.

Nilipompelekea mzee habari hizo hakunilaumu. Alisema yeye mwenyewe alipoanza kazi aliambiwa akae mwezi mzima anaangalia picha za vifua vya watu wasioumwa, waliokuja kupimwa kwa ajili ya ajira, na aliona anapotezewa muda. "Sasa wewe wako wasioumwa utawapata wapi?"

Jibu lilikuwa barabarani. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na usiku malori hayapumziki. Kila asubuhi lami ina maiti: nguchiro, kanu, fungo, sungura, swala pala, na bundi wengi, maana bundi huwafuata panya wanaokuja kuokota nafaka zilizomwagika, na taa za gari zinampofusha. Mnyamapori ni mali ya taifa hata akiwa amekufa, kwa hiyo haruhusiwi kuokotwa hivi hivi. Tuliomba kibali kwa maandishi, kikachukua muda, kikatoka. Askari wanyamapori wakianza zamu ya alfajiri huokota wale ambao miili haijaharibika sana, wananiwekea kwenye friza, nami nawapiga picha kabla ya kuwazika.

Kazi hiyo haina haraka, na ndiyo raha yake. Aliyekufa hahitaji dawa ya usingizi. Namnyoosha nipendavyo, nampiga upande, nampiga chali, narudia nguvu ya mashine ikiwa kubwa na ikiwa ndogo, naandika kila namba. Namba hizo ndizo zinazoniokoa siku mnyama hai anapokuja, kwa sababu najua tayari kanu wa kilo mbili anataka nguvu kiasi gani, sihitaji kumweka usingizini dakika za ziada nikibahatisha. Baadaye tukaongeza na wale waliopona: kabla mnyama hajarudishwa porini, kama bado yuko chini ya dawa kwa ajili ya vipimo vya mwisho, tunampiga picha moja ya uzima wake.

Kumbe wazo hili ni la zamani kama eksirei yenyewe. Wilhelm Röntgen aligundua miale hiyo Novemba 1895 nchini Ujerumani. Mwaka uliofuata tu, 1896, Josef Maria Eder na Eduard Valenta wa Vienna walikuwa wameshachapisha picha za eksirei za vyura, samaki, nyoka na kinyonga. Nimeziona kwenye kompyuta. Hakuna aliyekuwa anaumwa mle. Kinyonga ametulia, mkia umejikunja, kila ubavu unahesabika. Nadhani kama ningekuwa na picha hizo ukutani mwaka wangu wa kwanza, yule moma na yule kipanga wasingenisumbua vile.

Kakakuona alipokuja, nilikuwa nimeshaanza kuwa na adabu. Alikamatwa kwenye gunia, mali ya mtu aliyekuwa akimtafutia mnunuzi. Inauma, maana katika vijiji vingi vya kwetu kakakuona ndiye Bwana Mganga; akionekana hupelekwa kwa wazee, huwekewa maji, nafaka, silaha, na watu hutazama ataelekea wapi ili wajue mwaka utakuwa wa mvua, wa njaa au wa vita. Huyu aliyeheshimiwa hivyo amekuwa mmoja wa wanyama wanaosafirishwa kwa magendo zaidi duniani, hasa kwa ajili ya magamba.

Mnyama huyu akiogopa anajikunja mpira, na hakuna nguvu ya heshima inayoweza kumkunjua. Usimvute, utamvunja. Tulimwekea barakoa kubwa ya hewa ya usingizi pembeni, tukamsubiri. Alipojikunjua tulikuwa na dakika chache. Magamba yake si mfupa, ni ya kitu kilekile cha kucha zetu, kwa hiyo mionzi hupita, lakini yanaacha mistari mistari juu ya picha nzima kama mtu anayetazama chumba kupitia mkeka. Mapafu yalikuwa na ukungu upande mmoja, dalili ya nimonia, jambo la kawaida kwa mnyama aliyekaa siku kadhaa kwenye gunia bila maji. Na tumboni: mawe. Changarawe nyeupe tele, zimekusanyika pamoja.

Msaidizi wangu akasema, "Dada, huyu amelishwa mawe ili uzito uongezeke." Lilikuwa wazo la maana, wauzaji hufanya mambo mabaya kuliko hayo. Daktari wa mbwa angeingia chumba cha upasuaji palepale. Nikakumbuka swali la mzee. Kakakuona hana hata jino moja. Anameza mchwa na siafu wazima wazima pamoja na changarawe, na tumbo lenye misuli minene ndilo linalosaga, kama firigisi la kuku. Mawe yale ndiyo meno yake. Tukamtibu nimonia, mawe tukamwachia.

Kwa upande wa kobe sitasema mengi, isipokuwa jambo moja lililonifundisha kuogopa mashine yangu mwenyewe. Kobe mapafu yake yako juu, chini tu ya gamba la mgongo. Ukimlaza ubavu, matumbo yanaelemea mapafu na picha inakuwa ya uongo. Inabidi umwache asimame alivyo, kisha mashine uigeuze ipige kwa ulalo, kutoka ubavuni. Siku ya kwanza nilipomweka kobe jike aliyeshindwa kutaga, mzee alikuwa amekuja kututembelea. Nikiwa nimeshika kitufe akapiga kelele: "Simama! Ukuta huo nyuma kuna nini?"

Nyuma kulikuwa na benchi la wanaosubiri. Mama mmoja alikuwa amekaa pale na mtoto mgongoni.

Miaka yote nilikuwa nimepiga kuelekea chini, sakafuni. Sikuwahi kufikiri miale inakwenda wapi ikishampita mnyama. Dozi ya picha moja kama ile ni ndogo sana, najua, lakini mtu yule hakuumwa wala hakuniomba mionzi. Benchi lilihamishwa siku hiyohiyo, na ukuta ule ukashughulikiwa kabla ya kupiga tena kwa ulalo. Tangu hapo nina ukali ambao wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hawaupendi: hakuna kumshika mnyama kwa mikono ndani ya miale kama anaweza kushikwa kwa mifuko ya mchanga, utepe wa karatasi wenye gundi au dawa, aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi ivaliwe hata kukiwa na joto la Februari, kila mtu awe na kipimo chake cha mionzi kifuani. Na rudi nyuma. Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia inapungua hadi robo. Hatua hizo hazina gharama yoyote.

Tembo nimemhudumia kwa eksirei mara moja tu. Alikuwa dume kijana, amenaswa na mtego wa waya mguu wa mbele. Waya mkubwa uliondolewa miezi kadhaa nyuma, kidonda kikafunga, kisha kikafumuka tena, kikafunga, kikafumuka. Watu huniuliza kwa nini hatumpigi tembo picha ya kifua. Mwili ule mashine yangu ya kubeba mkononi haiwezi kuupenya hata kidogo. Mguu unawezekana.

Dawa inayomlaza tembo ina nguvu kiasi kwamba tone dogo likimchoma mtu linaweza kumuua, kwa hiyo kabla bunduki ya kurushia sindano haijainuliwa, dawa ya kumwokoa binadamu huwa imeshavutwa kwenye sindano na kila mmoja anajua imekaa mfuko gani. Alipoanguka, alianguka kwa ubavu, tukashukuru. Tembo akilalia kifua pumzi inamwishia. Mmoja akaweka kijiti kwenye ncha ya mkonga ili njia ya hewa ibaki wazi, mwingine akafunika jicho kwa sikio na kuanza kumwagia maji. Mimi nikapiga magoti na mashine kwenye vumbi.

Picha ya kwanza ilipoingia kwenye kompyuta sikuona kitu. Jua la saa tano lilikuwa limekula kioo chote. Nikavua kanga kiunoni, nikajifunika kichwa na kompyuta pamoja, kama mtu anayejifukiza. Mle gizani nikauona mguu wa tembo: mifupa ya vidole imesimama kama mtu anayetembea kwa ncha, na nyuma yake ule mto mkubwa wa mafuta unaobeba uzito. Katikati ya vidole viwili kulikuwa na kivuli nisichokielewa, na ukingo wa mfupa ulionekana kama umekwaruzwa. Ugonjwa? Au tembo ndivyo alivyo?

Bila kutoa kichwa nikasema, "Nipeni mguu wa pili."

Daktari kiongozi akasema muda unakwenda. Nikasema najua. Tukahama upande, tukapiga mguu mzima. Ukingo ulikuwa laini. Kivuli hakikuwepo. Nikarudi kwenye mguu mbovu, nikaubadilishia pembe, na safari hii kile kivuli kikawa mstari mweupe, mfupi, ulionyooka kuliko kitu chochote alichoumba Mungu ndani ya nyama. Kipande cha waya, labda urefu wa kidole changu kidogo, kilikatikia ndani na ngozi ikakifunika. Daktari akakifuata kwa kisu huku mimi nikimwonyesha, kulia kidogo, chini kidogo, akakitoa. Dakika chache baada ya sindano ya kumwamsha tembo alikuwa amesimama, anaelekea kwenye miti, nasi tuko juu ya gari kimya.

Mguu wa pili ndio uliosema. Nilipoisoma habari ya faru weupe wa kaskazini pale hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, niliiona kwa jicho hilohilo. Wamebaki wawili tu, Najin na Fatu, wote majike. Agosti 2019 madaktari walivuna mayai 10 kutoka kwao wakiwa usingizini, sindano ikiongozwa na altrasaundi, kazi ya kutafuta kitu kidogo ndani kabisa ya mwili wa tani nzima na zaidi. Watu waliwasifia kwa ujasiri. Mimi niliwasifia kwa sababu walianza kujifunza kwa faru weupe wa kusini, walio wengi, wazima, kabla ya kuwagusa wale wawili. Na Januari 2024 walipotangaza mimba ya kwanza ya faru iliyotokana na kiinitete cha maabara kilichopandikizwa, habari ilikuja na msiba: faru wa kusini aliyeibeba alikuwa amekufa kwa maambukizi ya bakteria. Ndani yake walikuta kijusi dume cha siku 70, sentimita 6.4. Walimpima. Naelewa kwa nini.

Friza letu limejaa tena. Wiki iliyopita nilipata bundi kutoka barabara ya Mikumi, mzima kabisa isipokuwa shingo. Nikamnyoosha mabawa taratibu, nikambana kwa utepe wa gundi, nikampiga picha saba. Siku hiyohiyo jioni akaletwa mwingine wa aina yake, hai, bawa linaning'inia. Nikaiweka picha ya yule wa asubuhi kwenye kioo upande wa kushoto. Huyu nikampa hewa ya usingizi, nikamlaza, gundi kwenye ncha za mabawa, gundi kwenye miguu, kidari wazi, hakuna mkono wa mtu juu yake. Nikarudi nyuma ya ukuta na kuchungulia kwenye kidirisha. Kidari kilipanda, kikashuka. Nilihesabu pumzi 12 ndipo nikabonyeza.